Jina Lifungwe, Hesabu Ifunguliwe

Marehemu kaka yangu hakuwa mtu wa kusubiri chai ipoe. Kikombe kikifika mezani bila mvuke alikirudisha jikoni, na wifi yangu alilijua hilo: birika haliondoki mekoni mpaka mzee awe ameketi. Kwetu upande wa Moiben jambo hilo halikumshangaza mtu. Chai ya maziwa iliyochemka sawasawa ni heshima kwa mgeni, na mwanamume anayeipuliza kabla ya kunywa huonekana kama mtoto.

Machi 2009 ugali ulianza kumkwama, ukawa haushuki bila maji. Kufikia Mei alikuwa anaishi kwa uji. Julai hata mate yake mwenyewe yalimshinda kumeza. Tulimzika Agosti, akiwa na miaka 47. Karatasi ya hospitali iliandika saratani ya umio, ile ambayo wengi wetu huiita saratani ya koo.

Kwenye matanga maswali yalikuwa mengi, na yote yalielekea upande mmoja: ni nani aliyemfanyia hivi? Ugomvi wa mpaka wa shamba, uliokuwa umesahaulika kwa miaka, ukafukuliwa. Majirani wawili walikwepa mazishi kwa kuogopa macho ya watu. Mimi nilikuwa afisa wa rekodi za afya, mwaka wa 22 kazini. Kwa mkono wangu nilikuwa nimeandika rejistani majina ya watu kadhaa waliokuja na shida ya kumeza wakapewa rufaa kwenda Eldoret mjini. Sikuwahi kuketi nikawajumlisha. Kwa hiyo nilipotazamwa na jamaa zangu, mimi niliyeitwa "mtu wa hospitali", sikuwa na la kuwaambia.

Sehemu ya jibu ilikuja kupatikana papa hapa kwetu. Kati ya mwaka 2013 na 2018, watafiti wa Chuo Kikuu cha Moi na Hospitali ya Mafunzo na Rufaa ya Moi, iliyo Barabara ya Nandi mjini Eldoret, wakishirikiana na Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani lenye makao yake Lyon, Ufaransa, waliwahoji wagonjwa zaidi ya 400 wa saratani ya umio, pamoja na watu wengine zaidi ya 400 wasiokuwa nayo. Waliwauliza kuhusu tumbaku, busaa na chang'aa, meno, na joto la chai wanayokunywa. Matokeo kuhusu vinywaji vya moto yalichapishwa mwaka 2019. Yalionyesha kwamba wanaokunywa vinywaji vya moto sana walikuwa katika hatari ya kupata saratani hiyo mara zaidi ya tatu kuliko wanaokunywa vya vuguvugu. Tayari mwaka 2016 shirika hilo la Lyon lilikuwa limetangaza kwamba kunywa kinywaji chenye joto la zaidi ya nyuzi 65 huenda kunasababisha saratani ya umio.

Siwezi kusema kwamba chai ndiyo iliyomuua kaka yangu. Takwimu husema habari za wengi, hazitoi hukumu juu ya mmoja, na ugonjwa huu una vyanzo kadhaa. Ninachosema ni kwamba nilipousoma utafiti huo mwaka 2022, nikiwa nimeshastaafu, kwenye simu ya mpwa wangu anayesomea uuguzi, niliufasiri kutoka Kiingereza neno kwa neno, kisha nikapanda matatu hadi Moiben kumsimulia wifi yangu. Alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akauliza: "Kumbe inajulikana? Na ni kazi ya nani kuja kutuambia?"

Swali hilo ndilo lililonifanya nishike kalamu.

Watafiti siwalaumu, walifanya kazi ya maana na wakaichapisha wazi. Lawama yangu ni juu ya mpango mzima wa habari za afya, ambao mimi mwenyewe niliutumikia kwa miaka 34. Wasomaji wengi hawaujui, kwa hiyo nitaueleza.

Unapoingia zahanati ya serikali, jina lako, umri, kijiji na ugonjwa wako huandikwa kwenye rejista. Mwisho wa mwezi karani huketi na karatasi ya kuhesabia, akapiga vijiti vinne na kwa cha tano akavikata: malaria wangapi, nimonia wangapi, kuhara wangapi. Jumla hizo huhamishiwa kwenye fomu, 705A kwa watoto wa chini ya miaka mitano na 705B kwa waliozidi hapo. Kwa miaka yote hiyo tarehe 5 ya mwezi ilikuwa siku yangu ya jasho, kwa sababu fomu ilitakiwa kuwa imefika ofisi ya wilaya, iliyokuja kuwa ya kaunti ndogo. Tangu mwaka 2011 jumla hizo huingizwa kwenye mfumo wa kompyuta wa taifa zima, na mkubwa aliye Nairobi anaweza kuziona akiwa mezani pake.

Fomu zangu zilipanda ngazi hizo kila mwezi. Ni mara chache mno nilizoona kitu kikishuka kurudi kwa mama aliyepanga foleni tangu saa kumi na mbili asubuhi ili jina la mtoto wake liandikwe. Yeye ndiye mwenye habari, na yeye ndiye wa mwisho kuzipata.

Inauma zaidi kwa kuwa mji wetu wa Eldoret haukuchelewa katika mambo haya. Mwaka 2001, katika kituo cha afya cha Mosoriot, safari fupi kutoka Eldoret ukielekea Kapsabet, walimu wa Chuo Kikuu cha Moi na wenzao wa Chuo Kikuu cha Indiana walianzisha mfumo wa kuweka rekodi za wagonjwa kwa kompyuta, wakati hospitali nyingi kubwa za Afrika zilikuwa bado zinatafuta faili kwenye makabati. Walipima matokeo pia: muda ambao mgonjwa aliutumia kituoni ulipungua kwa asilimia 22. Kutokana na kazi hiyo, na kliniki za AMPATH za wanaoishi na virusi vya ukimwi zilizoanza Eldoret mwaka huo huo, ilizaliwa programu ya OpenMRS, iliyoanza kutumika hapa Eldoret mwaka 2006. Programu hiyo iko wazi: nchi yoyote inaweza kuichukua bila kununua leseni, ikaifumua na kuishona upya kulingana na mahitaji yake. Rwanda, Uganda na Msumbiji zimeitumia, na mfumo wa KenyaEMR ulio katika vituo vingi vya nchi yetu umejengwa juu yake. Tena rejista ya saratani ya Eldoret ipo tangu mwaka 1999.

Basi ujuzi tunao. Msimamishe mwendesha bodaboda yeyote pale Barabara ya Uganda, umuulize Eliud Kipchoge alitumia muda gani kule Vienna Oktoba 2019. Atakuambia 1:59:40 bila kufikiri. Watu wa Eldoret tunapenda hesabu, tunaziweka kichwani, tunabishana juu yake mpaka usiku. Tunazijua za riadha kwa sababu zilitangazwa wazi, kwa lugha yetu, siku ile ile. Mwulize mtu huyo huyo ni watu wangapi wa wadi yake walipatikana na saratani mwaka jana, atakutazama tu. Hajawahi kuambiwa.

Najua kuna atakayesema kwamba habari za ugonjwa ni siri. Ni kweli, na hakuna anayelijua hilo kuliko mtu wa rekodi. Nataka nisimulie kwa nini.

Januari 2008, katika ghasia za baada ya uchaguzi, wiki ile kanisa la Kiambaa lilipochomwa, nilizibeba rejista za zahanati nikaenda nazo nyumbani, nikazifunika kwa magunia ya mahindi ghalani. Katika Uasin Gishu jina la mtu ni ramani. Ukisoma jina la baba na la kijiji, umejua kabila lake na mahali analala. Niliona kwamba kitabu nilichokuwa nikikiacha mezani wazi kila siku kingeweza kuongoza watu wabaya hadi mlangoni kwa mtu. Sikulala vizuri mpaka nilipokirudisha kabatini mwezi wa tatu.

Lakini katikati ya wiki hizo hizo simu yangu iliita. Alikuwa muuguzi aliyekuwa akiwahudumia wakimbizi wa ndani kwenye uwanja wa maonyesho hapa mjini. Alikuwa na mzee aliyetoroka bila kadi, bila dawa, akisema tu kwamba anatibiwa kifua kikuu na kwamba jina lake liko kwangu. Nilikwenda ghalani na tochi, nikaondoa magunia, nikamtafuta. Nilimsomea muuguzi tarehe aliyoanza, dawa alizokuwa akipewa na mwezi aliofikia. Mzee akaendelea na matibabu kesho yake.

Kitabu ni kile kile. Tangu usiku ule siwaelewi wanaosema habari za afya zifungwe zote, wala wanaosema zifunguliwe zote. Jina la yule mzee lilistahili kufichwa chini ya magunia, na hesabu ya wagonjwa wa kifua kikuu waliokatizwa dawa mwezi ule ilistahili kupigiwa mbiu nchi nzima ili wapelekewe.

Serikali nayo imewahi kuvichanganya viwili hivi. Februari 2015 lilitoka agizo la Rais kwa makamishna wa kaunti kukusanya orodha za watoto wa shule wanaoishi na virusi vya ukimwi, pamoja na taarifa za walezi wao na za kina mama wajawazito na wanaonyonyesha wenye virusi hivyo. Nia iliyotajwa ilikuwa njema, kupanga misaada. Lakini misaada hupangwa kwa idadi, na jina la mtoto haliongezi hata kidonge kimoja kwenye sanduku la dawa. Shirika la KELIN na wenzake walikwenda mahakamani, na Desemba 2016 Mahakama Kuu ikaamua kwamba agizo lile lilikiuka Katiba, ikaamuru yale majina yaliyokwisha kukusanywa yafichwe kwa namna ambayo hayawezi kuunganishwa na hali ya mtu. Ningependa kila chifu na kila mwalimu mkuu ausome uamuzi huo.

Kufuta jina pekee hakutoshi. Mtu wa rekodi anajua kwamba ukiandika "mwanamume, miaka 41, mwalimu, baba wa mapacha, kijiji fulani", hujataja jina lakini kijiji kizima kimeshamjua. Ndiyo maana kuna desturi nzuri katika kazi hii: wagonjwa wakiwa wachache mno mahali fulani, hutangazi kwa kijiji, unatangaza kwa wadi au kaunti nzima. Ufunguzi wa hesabu ni ufundi, na mafundi wake wako katika kila kituo cha afya. Wanalipwa kidogo, chumba chao huwa kile chenye unyevu karibu na bohari, na hakuna anayewauliza maoni yao.

Sheria nazo hazikukosekana. Kifungu cha 31 cha Katiba kinalinda faragha yangu, na cha 35 kinanipa haki ya kupata habari zilizo mikononi mwa serikali. Vinakaa kwenye sura moja bila kugombana. Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 inazihesabu habari za afya kuwa nyeti na kunipa haki ya kuambiwa zitatumiwa kwa kazi gani. Sheria ya Afya ya Kidijitali ya mwaka 2023 inazitaja data za afya kuwa rasilimali muhimu ya taifa. Ninakubaliana na neno hilo, na ninaomba tulifuate mpaka mwisho wake. Rasilimali ina mwenyewe. Shamba la jamii likikodishwa, jamii huulizwa, huambiwa bei, na huona mavuno.

Hili limekuwa zito zaidi tangu Desemba 2025. Tarehe 4 mwezi huo, mjini Washington, Kenya na Marekani zilitia saini mkataba wa afya wa miaka mitano, Marekani ikiahidi dola bilioni 1.6 na Kenya ikiahidi kuongeza matumizi yake kwa dola milioni 850. Wiki iliyofuata Mahakama Kuu ilisimamisha kwa muda sehemu inayohusu kupeleka data za afya za Wakenya nje, baada ya shirikisho la kutetea watumiaji bidhaa, COFEK, kufungua kesi. Baraza la wazee pale Kapsoya ninapoishi lilijadili jambo hili kwa wiki mbili, na nilichokisikia zaidi kilikuwa hofu: je, ni majina yetu yanayokwenda, au ni hesabu?

Mimi siko upande wa wanaotaka tufunge mlango. Kama Eldoret ingeifungia Lyon mlango, tusingejua habari ya chai. Kama ingeifungia Indiana, pengine Mosoriot isingepata kompyuta ile. Dawa za ukimwi zilizowarudisha hai jirani zangu zililipiwa kwa miaka mingi na fedha za Marekani, na mimi ni shahidi, kwa sababu niliyaandika majina yao walipoingia wakibebwa na nikayaandika tena walipokuja kwa miguu. Lakini wananchi wakianza kuuliza kama ni majina au ni hesabu baada ya kalamu kuwekwa chini, mambo yamefanywa kinyumenyume. Mkataba wa namna hii ungepaswa kubandikwa wazi kabla ya saini, kwa Kiswahili chepesi: ni data gani, zitafutwa majina vipi, zitakaa kwa nani na kwa miaka mingapi, na dawa au chanjo ikitokana nazo, Mkenya ataipata kwa bei gani.

Tuna methali isemayo mficha maradhi kifo humuumbua. Tumezoea kumwambia mgonjwa. Ninaona inawafaa hata wenye mamlaka.

Nikiwa raia wa kaunti hii, na nikiwa niliyeifanya kazi hii kwa mikono yangu, naomba mambo matatu.

La kwanza ni ubao. Kila zahanati, kituo cha afya na hospitali ya Uasin Gishu iwe na ubao mlangoni, na kila mwezi, siku ile ile fomu zinapopanda kwenda juu, hesabu zile zile ziandikwe kwa chaki kwa Kiswahili na kwa lugha ya mahali. Nilijaribu hili mwaka wangu wa mwisho kazini. Niliandika: kuhara kwa watoto, mwezi uliopita 14, mwezi huu 39. Kina mama wakasoma wakiwa kwenye foleni. Kabla ya saa sita walikuwa wameshagundua wenyewe kwamba wengi wa watoto hao wanatoka nyumba zinazochota maji kwenye chemchemi moja, ambayo uzio wake ulikuwa umevunjwa na ng'ombe. Jumamosi iliyofuata vijana waliujenga upya. Jumla ile ingefika Nairobi salama na ng'ombe wakaendelea kunywa pale pale. Chaki ile niliinunua kwa shilingi mia moja.

La pili ni bajeti ya kurudisha. Kamati za maadili zinazoidhinisha utafiti huuliza, kwa haki kabisa, mtafiti atamlinda vipi mshiriki. Ziulize pia atarudi vipi na matokeo, kwa lugha gani, mwezi gani, na kwa fedha ipi. Tuna redio za Kalenjin na za Kiswahili zinazosikilizwa katika kila boma wakati wa kukamua. Tuna wahamasishaji wa afya ya jamii wanaoingia jikoni kwa watu kila wiki. Njia ipo. Kinachokosekana ni mtu aliyeandikiwa kwamba hiyo ni kazi yake.

La tatu ni heshima kwa watu wa rekodi. Hesabu inayotangazwa ni nzuri kwa kadiri ya yule aliyeihesabu. Karani mmoja akihudumia rejista kumi na mbili kwa mwanga wa simu yake, atakosea, na kosa lake litapanda ngazi zote mpaka kwenye hotuba ya waziri. Waajiriwe wa kutosha, wafunzwe kulinda majina na kusoma hesabu, na wapewe kabati lenye kufuli. Bunge la Kaunti linaweza kulipitisha hili katika bajeti moja.

Wiki iliyopita nilikuwa tena Moiben. Wifi yangu sasa ana utaratibu wake: birika likitoka mekoni linawekwa kando mpaka amalize kuosha vikombe na kuvipanga, ndipo anamimina. Wanawe wamezoea. Chama chake cha akina mama kimeiga, na anasema mmoja wao aligombana na mumewe kwa siku mbili kabla mume hajakubali.

Tulipokuwa tukinywa aliniuliza jambo jingine. Alitaka kujua mwaka huu waliopatikana na ugonjwa ule hapa kwetu ni wangapi, na kama wanapungua. Nimemwahidi kwamba nitamtafutia jibu, na nitamtafutia. Lakini mama wa Moiben hapaswi kuwa na wifi aliyefanya kazi ya rekodi ndipo ajue kinachowaua wa nyumbani kwake.